Mstaafu na Kamera Yake

Kustaafu si kukaa barazani kungoja mauti. Sahibu yangu mmoja, alipoacha kazi bandarini, alinunua kamera akenda kuwazuru jamaa zake Oman. Wakampeleka hifadhi ya Al Wusta, jangwani, akaketi na subira yake mpaka choroa weupe wa Arabuni wakamkaribia. Wanyama hawa walimalizwa porini kwa bunduki mwaka 1972. Mwaka 1982 Waomani wakawarudisha, na majangili wakawavamia tena. Picha zile sasa wazitazama wajukuu Mombasa, nao wauliza: kwetu je? Kwetu choroa tunao, Samburu na Isiolo. Basi wazee wetu, wakati mnao. Nendeni mkawapige picha, nasi tusije tukabaki na hadithi tupu.