Kila Kata Ipate: Usawa Unaotuacha Ng'ambo ya Mto

Hakuna kauli inayopigiwa makofi kwenye Baraza la Madiwani kama hii: "Mheshimiwa Mwenyekiti, na kata yangu ipate." Meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, anaweza kuja na ramani, picha za makorongo na orodha ya kalavati zilizosombwa, lakini akimaliza, swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini kata fulani haimo. Sote tumekubaliana kwamba haki katika barabara ni kugawana sawa. Mimi nasema hiyo si haki, na ndiyo inayofanya masika yatukute palepale kila mwaka.

Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwaka huohuo kila jimbo likaambiwa litapata Sh500 milioni, kisha Sh1 bilioni nyingine kutokana na tozo hiyo. Lilikuwa jambo jema. Ziko barabara zilizokuwa zimesahau sura ya greda. Lakini kipimo kilikuwa jimbo, si kilomita, wala idadi ya mito. Ilala ni jimbo, na mtu mwenye miguu mizuri analizunguka kabla jua halijazama. Liwale nayo ni jimbo, na ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 (sehemu kubwa ni hifadhi, nakubali, lakini hata kijiji kwa kijiji ni safari). Wenzetu Kenya wana ugonjwa huohuo, tena kwa mujibu wa sheria: asilimia 22 ya mfuko wa matengenezo ya barabara imekuwa ikigawiwa sawa kwa majimbo yote 290.

Huku kwetu, fedha zikishafika wilayani, mchezo unarudiwa. Chukua jimbo lenye kata 20. Gawa sawa hizo Sh1.5 bilioni, kila kata inaondoka na Sh75 milioni. Fedha hiyo haijengi daraja la maana. Kwa hiyo hakuna kata inayojenga daraja. Zote zinachonga barabara, maana kuchonga kunaonekana upesi na diwani anapata la kusema mkutanoni. Greda linapakiwa kwenye lori, linapelekwa, linachonga kilomita chache, linapakiwa tena kwenda kata ya pili. Gharama ya kuleta mitambo na kuiondoa inalipwa kila kituo. Mkandarasi halalamiki.

Matokeo yake wanayajua wanaokaa kando ya barabara hizo. Mwezi wa kwanza bodaboda wanafurahi. Lakini greda likikwangua bila kumwaga moramu mpya na bila kuchimba mitaro, kila safari linaishusha barabara kidogo. Baada ya miaka kadhaa unasimama katikati ya njia na shina la muhindi wa shamba la jirani liko usawa wa bega lako. Mvua ikinyesha, maji yote ya mashamba yanashukia hapo. Tumetumia fedha za matengenezo kuchimba mto, na tumeuchimba kwa usawa, kata baada ya kata.

Na mto wenyewe? Mara nyingi ndio mpaka wa kata. Daraja la mpakani halina mwenyewe: diwani akiligharamia kwa mgawo wake, nusu ya faida inakwenda kwa wapigakura wa mwenzake. Basi kila mmoja anachonga upande wake mpaka ukingoni. Huku barabara safi, kule barabara safi, katikati watu wamevua viatu, mama mjamzito kabebwa kwenye kiti, na pikipiki inavushwa na vijana wanne kwa malipo. Desemba 2021, kule Mwingi katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu huku maji yakipita juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hapo hakuna aliyeuliza barabara ya kila upande imechongwa namna gani.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lenyewe si la kijinga: ukimwachia mtaalamu achague peke yake, fedha zote zitaishia makao makuu ya wilaya, kwenye lami ya mita mia tano inayopita mbele ya ofisi za wakubwa. Ni kweli, tumeyaona. Mgawo sawa ulizaliwa kama kinga dhidi ya upendeleo. Ila haukuuondoa, umeuingiza ndani ya kata. Bado kuna mtu anayeamua greda lianzie wapi, na mara nyingi linaanzia kwenye njia ya kwenda shambani kwa mtu fulani.

Dawa ya upendeleo ni vigezo vinavyosomeka na kila mtu. Kivuko kikikatika, watu wangapi wanazuiwa kufika zahanati? Kwa wiki ngapi? Kuna njia nyingine, au hakuna? Majibu hayo mwenyekiti wa kijiji anayo kichwani. Yaandikwe, vivuko vipangwe kuanzia kibaya zaidi, karatasi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, na fedha zifuate orodha hadi ziishe. Wala daraja si lazima liwe la mabilioni. Mkoani Kigoma TARURA imejenga madaraja ya mawe, mawe yaleyale ya mlimani, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo, na magari yanapita. Lakini hata hilo la mawe linataka fedha ikae mahali pamoja.

Hii ina maana kwamba mwaka huu wa fedha kata nyingi zitakosa kabisa. Zikose. Diwani wa kata iliyokosa asimame kwenye mkutano wa hadhara na orodha mkononi, awaambie watu wake kwamba kivuko chao ni cha saba, cha sita ni cha jirani, na kwa nini. Atazomewa. Mwaka unaofuata waulize kama wamefika cha tano.