Fedha za yatima zikikoma, kijana mwenye ulemavu huanza upya

KATIKA vijiji vya Mathira na Kieni, kaunti ya Nyeri, kutimiza umri wa miaka 18 huwa jambo la kawaida. Lakini kwa nyumba inayomlea yatima mwenye ulemavu mkubwa, siku hiyo yaweza kukatiza mapato ya pekee yenye uhakika.

Kwa wakazi wa Nyeri, mpango wa Inua Jamii ni mifuko mitatu: ule wa yatima na watoto wasiojiweza ulioanza 2004, wa watu wenye ulemavu mkubwa ulioanza 2011 na wa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kila mmoja hutoa Sh2,000 kwa mwezi.

Mfuko wa yatima huihesabu nyumba kwa watoto wake. Wa mwisho akitimiza miaka 18, nyumba huondolewa. Mfuko wa ulemavu, kwa upande wake, hauna mpaka wa umri: mtoto na mtu mzima hulipwa sawa, mlezi akipokea kwa niaba yao.

Kwenye karatasi, basi, kuhama ni jambo jepesi. Kwa hakika mlango mmoja hufungwa kabla ya mwingine kufunguliwa. Kuingia katika mfuko wa ulemavu kwahitaji kusajiliwa upya, hali ya nyumba kuchunguzwa, na zaidi ya yote nafasi kupatikana, kwani idadi ya wanaolipwa huamuliwa na bajeti.

Chukua mfano wa nyanya wa miaka 66 pale Karatina, anayemlea mjukuu asiyeweza kujilisha. Nyanya hajazeeka vya kutosha kulipwa kama mzee. Mjukuu amekua mno kulipwa kama yatima. Na hawezi kuachwa peke yake nyanya akachume majani chai.

Isitoshe, kuna suala la kitambulisho. Mtoto hutambuliwa kwa cheti cha kuzaliwa, lakini mtu mzima hudaiwa kitambulisho cha taifa. Afisa huulizia stakabadhi za wazazi, ambao ni marehemu, kisha alama za vidole, hata kama vidole vimekakamaa. Anayetoka Mweiga au Naro Moru hulipa nauli ya watu wawili, na mara nyingi nafasi ya kiti cha magurudumu juu yake. Hapo chifu mwenye huruma huwa na thamani kuliko ofisi nzima.

Nchini Uingereza, katika England na Wales, mtoto huhamia malipo ya watu wazima akiwa na miaka 16. Utaratibu huo nao una walalamishi wengi, ila malipo ya mtoto huendelea hadi uamuzi utolewe, mradi ombi limewasilishwa kwa wakati.

Sheria za Kenya zenyewe zinakiri kwamba miaka 18 si mwisho wa utegemezi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinailazimu serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu, nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri huo.

Mifuko yote mitatu imo chini ya wizara moja. Jina la kijana, tarehe yake ya kuzaliwa na mlezi wake tayari vimo katika rekodi zake, na tarehe hiyo hujulikana miaka mingi kabla haijafika.