Wahesabiwe, na Waulizwe Sababu

Mtu anayekimbia vita akavuka mpaka wa nchi yake huitwa mkimbizi, na tangu mwaka 1951 ipo sheria ya mataifa inayomlinda. Mtu anayekimbia vita hivyo hivyo, akasimama maili kumi kabla ya kuufikia mpaka, hana kinga hiyo. Yeye ni mwananchi katika nchi yake, na serikali yake ndiyo yenye wajibu wa kumtunza. Lakini mara nyingi ni serikali hiyo hiyo iliyoshindwa kumlinda hapo kwanza. Watu wa namna hii huitwa wakimbizi wa ndani. Katika Somalia, nchi ya jirani zetu, idadi yao mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya milioni 3.8, na watu wa nchi nzima hawafiki milioni 20.

Twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa wengi huonekana dogo, nalo ni namna watu hao wanavyohesabiwa, na sababu inayoandikwa mbele ya hesabu yao. Sisi twasema si dogo hata kidogo, kwa kuwa sababu inayoandikwa ndiyo inayoamua dawa itakayotolewa. Ikiandikwa ukame, zitapelekwa gunia za unga na magari ya maji. Ikiandikwa vita, zitapelekwa risala na wajumbe. Ikiandikwa kwamba mtu amefukuzwa kiwanjani na mwenye kiwanja, aghalabu hapana kitakachopelekwa, maana ghala la haki halijajengwa.

Kwa miaka mingi Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, likishirikiana na Baraza la Wakimbizi la Norway pamoja na vyama vya Wasomali wenyewe, limeweka watu wake katika vituo vya mabasi, njia panda na vivuko vya mipakani. Kazi yao ni kuwauliza wapitao: mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mko wangapi, na ni jambo gani kubwa lililowaondoa? Kazi hii ni ya thamani. Hesabu ya juma moja yaweza kuonyesha kwamba wilaya fulani inaanza kuhama kabla kilio chake hakijafika mji mkuu.

Lakini lazima ijulikane kwamba daftari hilo huhesabu safari, halihesabu vichwa. Familia iliyotoka kijijini kwenda Baidoa kwa njaa, ikatoka Baidoa kwenda Mogadishu kutafuta kibarua, kisha ikaondolewa kiwanjani huko Mogadishu, imo daftarini mara tatu. Anayezijumlisha safari hizo na kutangaza kwamba ndiyo idadi ya wakimbizi, amekosea. Na anayelitupa daftari kwa sababu hiyo, amekosea zaidi. Safari tatu za familia moja ni habari kubwa kuliko safari moja ya familia tatu. Zatuambia kwamba kule walikokimbilia nako hakukaliki.

Tena lipo tatizo la lile swali la sababu. Mkulima huulizwa sababu moja iliyo kubwa, naye hujibu kwa neno moja: ukame. Hasemi uongo. Lakini je, amesema yote?

Na tuitazame njaa ya mwaka 2011. Mvua zilikosekana mwishoni mwa 2010, zikakosekana tena mwanzoni mwa 2011, na tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza njaa kuu katika Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini. Watu wapatao 260,000 walikufa, na nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Ukame ule ulifika Kenya na Ethiopia pia, lakini huko watu hawakufa kwa wingi wa namna hii. Tofauti haikuwa mawingu. Kusini mwa Somalia, kundi la Al-Shabaab lilikuwa likitoza mavuno na mifugo, na mwezi Novemba 2011, njaa ikiwa bado inaua, likayapiga marufuku mashirika 16 ya misaada. Upande wa pili, sheria za Marekani za kupambana na ugaidi ziliwatia hofu watoaji, na misaada yao ikapungua wakati ilipohitajiwa mno. Mvua ilianza kazi, binadamu wakaimaliza.

Wala kifo hakikuchagua bila kuangalia. Walioumia zaidi ni wakulima wa ukoo wa Rahanweyn na Wabantu wa mabonde ya Juba na Shabelle. Wabantu hao si wageni kwetu. Wengi ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji, na wapo miongoni mwao wanaosema Kizigua mpaka leo. Baadhi yao waliporudi kama wakimbizi walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi baadaye wakapewa uraia wa Tanzania.

Ardhi yao huko Somalia ilianza kuwatoka kabla ya vita. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na watu wa mjini wenye jamaa serikalini wakajiandikishia mashamba ya bondeni ambayo wakulima walikuwa wakiyalima tangu enzi za babu zao. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wenye bunduki wakaendeleza kazi iliyoanzwa na wenye kalamu. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa shamba zuri la mtoni, akabaki na kipande kinachongojea mvua, ukame wa kwanza humwondoa. Daftari litaandika ukame. Historia itaandika unyang'anyi.

Mambo hayo hayakuisha na mwaka 2011. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na katika mwaka 2022 peke yake ukame ulihamisha watu zaidi ya milioni 1. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu 43,000 zaidi ya kawaida walikufa mwaka huo wa 2022. Kisha mwezi Mei 2023 mto Shabelle ukafurika, na watu zaidi ya 200,000 wa Beledweyne wakahama kwa maji katika nchi iliyokuwa ikihama kwa kukosa maji.

Na wanaofika mjini hufika wapi? Huko Mogadishu na Baidoa wengi huishi katika viwanja vya watu binafsi. Wapo wasimamizi wa viwanja hivyo, ambao watu wa Mogadishu wamewabandika jina la paka weusi. Huwapa wageni mahali pa kusimamisha kibanda, na wakati mwingine ulinzi. Kisha hukata fungu lao katika kila msaada unaoletwa. Kwa mtu kama huyo, idadi ya wakimbizi ni mtaji. Na kiwanja kikipanda bei, mwenyewe huwaondoa wote kwa siku moja. Tarehe 29 na 30 Desemba 2017, familia zaidi ya 4,000 zilivunjiwa vibanda huko Mogadishu, pamoja na shule na vyoo vilivyojengwa kwa fedha za misaada. Katika mwaka uliofuata watu zaidi ya 200,000 walifukuzwa namna hiyo nchini humo. Hao hawakukimbia mvua wala risasi. Walikimbia bei ya ardhi.

Sisi katika Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la Wasomali peke yao. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 katika Kenya ziliwahamisha watu zaidi ya 600,000. Karibu nusu yao hawakulala katika mahema. Walipokewa na ndugu na jamaa, au wakapanga vyumba mijini. Waliokuwa mahemani walionekana, wakapigwa picha, wakahesabiwa na kutafutiwa mashamba. Waliopokewa na jamaa walisahauliwa kwa miaka, kana kwamba wema wa shangazi umefuta dhuluma iliyowaondoa.

Afrika imekwisha kuandika sheria yake. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unaziagiza serikali ziwe na daftari la wakimbizi wa ndani na kulitunza. Bunge la Somalia liliuidhinisha mwishoni mwa 2019, na mwaka huo huo serikali ikatoa miongozo juu ya kuwafukuza watu viwanjani. Tangu mwaka huo pia, familia za wakimbizi huko Baidoa zimeanza kupewa viwanja katika ardhi ya umma ya Barwaaqo, pamoja na hati. Ni familia chache mno mbele ya mji uliojaa vibanda, lakini ni dawa inayolingana na ugonjwa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, mhamaji asiulizwe tu ni nini kimemwondoa. Aulizwe pia ni nini kinamzuia kurudi, na nani sasa analima shamba lake. Pili, kufukuzwa viwanjani kuhesabiwe kwa uzito ule ule wa mafuriko. Tatu, majina yalindwe kama siri ya mgonjwa, kwa maana orodha ya watu waliokimbia bunduki ikiangukia mikononi mwa mwenye bunduki ni hatari kuliko kutokuwa na orodha. Nne, kazi hii isitegemee mfuko wa mgeni peke yake. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, mtandao wa FEWS NET, uliokuwa ukitoa tahadhari ya njaa tangu 1985, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Watu hawakuacha kuhama kwa kuwa aliyekuwa akiwatazama amefumba macho.

Kumhesabu mtu ni kukiri kwamba yupo. Kumwuliza sababu ni kukiri kwamba ana haki, na kwamba yuko mtu au serikali inayopaswa kujibu. Serikali nyingi huridhia lile la kwanza, maana idadi kubwa huleta msaada. Hili la pili ndilo linaloogopwa, na ndilo wananchi wa Afrika wanalopaswa kulidai.