Daktari wa meno naye aarifiwe habari za moyo

Mwanafunzi aumwapo na jino, aghalabu shauri huwa moja tu: apelekwe kwa daktari aling'oe. Ni nadra mtu kuuliza iwapo moyo wake ni mzima. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto swali hilo ndilo litenganishalo matibabu ya kawaida na msiba.

Inafaa ieleweke kwamba kinywa cha kila binadamu kina bakteria wengi. Jino ling'olewapo, baadhi yao huingia katika damu. Mwenye moyo mzima ni vigumu kudhurika, kwani mwili huwaangamiza upesi. Lakini wakikuta vali ya moyo iliyoharibika, au ya bandia, huweza kung'ang'ania hapo na kuzaana. Maradhi yatokanayo na hali hiyo huja na homa isiyokoma, jasho la usiku na kukonda, na ni rahisi kuyadhania kuwa malaria. Yasipotibiwa, huua.

Jambo hili lazihusu shule zetu moja kwa moja. Vali za moyo huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo yaletwayo na bakteria wa streptokoka yasipotibiwa ipasavyo. Homa hiyo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wale wale tulio nao madarasani. Mwaka 2018, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyahimiza mataifa yakabiliane nayo.

Je, kila mwenye maradhi ya moyo ameze dawa ya kuua bakteria kabla ya kutibiwa meno? La, hasha! Zamani wengi walipewa. Mwaka 2007, American Heart Association ya Marekani iliifupisha orodha, ikabakisha hasa wenye vali za bandia, waliowahi kuambukizwa bakteria ndani ya moyo, na wenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa nazo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 2008, ikashauri dawa hiyo isitolewe; mwaka 2016 ikalegeza kauli, ikasema isitolewe kwa mazoea tu. Australia nayo huwajumuisha baadhi ya wagonjwa ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Wataalamu wakihitilafiana hivyo, mzazi au mwalimu hana haki ya kujiamulia dukani. Dawa yenyewe, ambayo kwa kawaida ni amoksilini, humezwa mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya matibabu, kwa kipimo cha daktari. Wako wanaodhurika na penisilini. Aidha, mtoto anayedungwa sindano ya penisilini kila mwezi asidhani kwamba amekwisha kukingwa. Huenda akahitaji dawa ya aina nyingine, na daktari wa meno hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wako wazazi wanaoficha maradhi ya watoto wao, wakichelea watakataliwa shuleni au kuchekwa na wenzao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu nao wawape wazazi sababu ya kuwaamini: habari hizo ziandikwe, zitunzwe kwa siri, na ajulishwe yule tu anayempeleka mtoto hospitalini. Madaktari wanaozuru shule kutibu meno wapewe orodha ya wanafunzi hao kabla ya kuanza kazi. Nanyi wanafunzi, msione haya kutaja maradhi yenu mbele ya daktari.

Hatimaye, tusisahau kinga iliyo mikononi mwetu. Bakteria huingia katika damu hata mtu anapotafuna chakula, hasa ufizi wake ukiwa mgonjwa. Kwa hivyo, kusugua meno asubuhi na usiku humlinda mwenye maradhi ya moyo siku zote, ilhali kidonge humlinda siku moja. Na mtoto anayelalamika koo apelekwe zahanati mapema, kwani huko ndiko vali nyingi zingeweza kuokolewa kabla jino halijauma.