Tansiometa ya zamani: tusiitupe, tusiiuze, tusiwaachie watoto

Juma lililopita nilikuwa katika site moja ya wahamaji wa vita hapa Bunia, kutayarisha kipindi cha afya. Mama mmoja muuguzi, aliyekimbia kutoka upande wa Djugu, alinionyesha kitu alichobeba pamoja na sufuria na blanketi zake: tansiometa ya zamani, ile ya sanduku la chuma, yenye bomba la kioo na maji ya rangi ya fedha ndani. Akaniambia kwamba kituo chao kilichomwa, na hicho ndicho chombo pekee alichookoa. Nacho anapima tansio ya wazee na ya mama wajawazito katika mahema, bila kulipisha mtu.

Siku ileile, mahema machache mbele, nilikuta watoto wamechuchumaa wanasukumana vitone vinavyong'aa juu ya kipande cha bashi. Termometa ilikuwa imevunjika. Watoto walicheka, na mama yao alicheka nao, sababu hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Mimi sikucheka. Na maoni yangu ni haya: muuguzi yule hana kosa, na mama yule hana kosa. Kosa ni letu sote tuliogawa vyombo hivi miaka mingi bila kuwaambia watu namna ya kuishi navyo.

Maji yale yanaitwa zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wanaita merkire. Ni madini, lakini hayagandi kama chuma kingine. Lita moja tu ina uzito wa kilo zaidi ya 13. Ubaya wake mkubwa hauonekani. Zebaki ikimwagika inatoa mvuke hata bila moto, mvuke usio na harufu wala rangi. Ukiuvuta unaingia katika damu, unafika kwenye ubongo na figo. Mtu anayeuvuta kwa muda anaanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kukasirika ovyo, kusahau, fizi kuvimba. Mama mwenye mimba anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Watoto ndio wa kwanza kuumia, maana wanacheza chini, pale pale mvuke unapokaa.

Termometa moja ina kama gramu 1 hivi. Tansiometa inaweza kuwa na gramu 100 hivi. Yaani kuvunja tansiometa moja ndani ya hema ni kama kuvunja termometa mia moja kwa mara moja.

Dunia imelijua jambo hili kwa machozi. Mwaka 1956, huko Minamata, Japani, waganga walitambua ugonjwa wa ajabu: watu wanatetemeka, hawasemi vizuri, watoto wanazaliwa na ulemavu. Kiwanda kilikuwa kinamwaga uchafu wenye zebaki baharini, na watu walikula samaki wa pale. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wenye jina la mji huo, na mwaka 2020 ukawekwa kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi termometa na tansiometa za zebaki. Lakini vile vya zamani bado viko: katika vituo vyetu, katika famasi za mtaani, katika mizigo ya watu waliokimbia usiku.

Je, muuguzi yule aitupe yake leo? Mimi nasema hapana, mpaka apewe nyingine. Ile ya betri inakufa betri zikiisha. Ile ya mshale inahitaji kukaguliwa mara kwa mara, la sivyo inadanganya. Mama mjamzito ambaye tansio yake imepanda bila kupimwa anaweza kufa. Basi aitunze, lakini aitunze vizuri.

Kabla ya kuihamisha, aiinamishe polepole ili zebaki yote irudi katika kikopo chake, kisha afunge kifungo chake, afunge na sanduku. Akipima, aiweke mezani ndani ya beseni la plastiki, ili ikivunjika isitawanyike. Isikae karibu na mbabula wala juani, wala mahali wanapolala watu. Kioo kikiwa na ufa, au zebaki ikianza kupungua, kazi yake imekwisha. Asiifungue kuisafisha wala kuiongeza.

Na ikivunjika? Toa watoto na wajawazito kwanza, fungua hema au madirisha. Vua pete na saa, maana zebaki inashika dhahabu. Usifagie: ufagio unapasua tone moja kuwa mia. Usishike kwa mikono mitupu. Vaa glavu au mfuko wa plastiki. Sukuma matone pamoja kwa karatasi mbili ngumu, yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vidogo vishike kwa utepe wa gundi. Sakafu ikiwa ni udongo, chota na udongo wenyewe. Vyote viingie katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, kaza, andika juu SUMU. Nguo iliyoguswa usiifue na nyingine. Iweke nje ndani ya mfuko uliofungwa. Usimwage kwenye choo, mtoni wala motoni. Moto ndio mbaya kuliko vyote. Mtoto akimeza tone, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya, hasa kama kuna vipande vya kioo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanalinong'ona. Wapo wanaopita kuuliza bei ya maji hayo. Tunajua yanakwenda wapi: kwenye mashimo ya dhahabu, na mengine yanachomwa juu ya mbabula uleule unaopikia ugali. Yanayobaki yanashuka mtoni, yanageuka katika matope kuwa sumu inayoingia katika samaki, na samaki anarudi kwenye sahani yetu. Ndugu yangu, najua njaa ya site. Lakini pesa ile ya siku moja utailipa kwa mwili wa mtoto wako.

Wengine wataniambia: watu wanakufa kwa risasi na kipindupindu, wewe unatuletea habari ya tone la fedha? Nawajibu: risasi tunaisikia, kipindupindu tunakiona. Hiki hakisikiki wala hakionekani, na kukizuia hakuhitaji pesa nyingi. Kinahitaji chupa yenye kifuniko na mtu wa kusema ukweli.

Kwa hiyo naomba viongozi wa zoni ya afya na mashirika ya misaada: mkileta tansiometa mpya, chukueni ya zamani papo hapo, moja kwa moja. Tengeni chumba kimoja chenye kufuli cha kuweka zebaki iliyokusanywa. Msimnyang'anye muuguzi chombo chake mkamwacha mikono mitupu, maana ataificha. Na reko wanaopita mahema kwa mahema waongeze neno moja juu ya termometa.

Siku ile tuliwaondoa wale watoto, tukakusanya vitone na udongo wake, chupa ikapelekwa kwa muuguzi mkuu wa kituo cha jirani. Alipoipokea aliniuliza: sasa mimi nitaipeleka wapi?

Swali hilo nawaachia wanaohusika. Sisi tutarudi na kipaza sauti kusikiliza jibu.