Magoti Nayo Yana Haki ya Altrasaundi

Hospitali nyingi za wilaya siku hizi zina mashine ya altrasaundi, na karibu kila mahali imefanywa mali ya kliniki ya wajawazito. Mjamzito akifika anapangiwa zamu, na ni haki yake. Akifika mama wa miaka hamsini na kitu anayechechemea, anaulizwa maswali mawili matatu, anaandikiwa diklofenaki, anaelekezwa dirisha la dawa. Mashine ipo mlango wa pili tu. Nasema mama huyu naye apandishwe kitandani, goti lake litazamwe.

Kazi yangu ni kupiga altrasaundi, huku Lushoto, ambako nyumba nyingi ziko mlimani na maji yako bondeni. Mwanamke wa Usambara huanza kubeba mzigo kichwani akiwa binti. Kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda, maana kila hatua uzito wa mwili na wa kuni hutua hapo. Wala si sisi peke yetu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusagika viungo, wengi wao wanawake, na goti ndilo linaloongoza kuugua.

Kinachosagika ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ili iteleze bila kukwaruzana. Eksirei hailionyeshi. Inaonyesha mifupa na uwazi uliopo katikati, na daktari anakisia kilichobaki kwa kuangalia uwazi huo umepungua kiasi gani. Uwazi huo ni mojawapo ya vigezo vya madaraja ya ugonjwa huu waliyopanga madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957, na madaraja hayo yanatumika hadi leo. Lakini uwazi ukishafinyika, gegedu limekwishaliwa siku nyingi. MRI ingelionyesha vizuri zaidi, ila mgonjwa wangu angelazimika kuuza mbuzi na kupanda basi kuifuata.

Kwa altrasaundi, mgonjwa hulala chali akakunja goti mpaka pale linapokubali. Goti likikunjwa, pia yake hushuka na gegedu la mwisho wa mfupa wa paja hubaki wazi. Napaka jeli, naweka probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, kwa kuikingamisha juu kidogo ya pia. Gegedu zima huonekana kwenye kioo kama utepe mweusi, unene wake milimita 2 hadi 3 hivi, kingo zote mbili nyeupe na zimekatika vizuri. Likianza kuharibika, ukingo wa juu hufifia na weusi ule huingia ukungu. Baadaye utepe hukonda, mara nyingi upande wa ndani wa goti, na kuna wagonjwa ambao nimeona mfupa mtupu. Picha hizi si ugeni: watafiti wa Marekani walizichapisha mwaka 1984.

Kisha tunanyoosha goti kidogo na kutafuta maji. Hapa ndipo wagonjwa wangu hushangaa, kwa sababu wengi huja wameshaambiwa ute wa goti umekauka, na wamekunywa maji ya bamia asubuhi na jioni ili urudi. Nilimgeuzia bibi mmoja kioo nikamwonyesha mfuko mweusi uliojaa juu ya pia ya goti lake.

“Kumbe maji yapo, mwanangu?”

“Yapo, bibi. Tena yamezidi.”

Goti lililovimba lina maji kupita kiasi. Kilichopungua ni gegedu. Bibi huyo alikuwa amechomwa sindano za maumivu kwenye maduka ya dawa mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizo zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Jambo hili linaniuma sana.

Najua hoja ya madaktari, na ina uzito. Mtu aliyevuka miaka 45, goti linauma akitembea, na ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa, hahitaji picha kuambiwa ugonjwa wake. Isitoshe, maumivu hayalingani na picha: wapo wenye gegedu lililochakaa wanaolima bila shida. Tena mawimbi ya sauti hayapiti mfupa, hivyo gegedu lililo nyuma ya pia, na sehemu kubwa ya lile lililobanwa kati ya mifupa miwili, siwezi kuliona. Sitaki mtu yeyote alipie altrasaundi kabla daktari hajalishika goti kwa mikono yake.

Lakini kila goti linalovimba huku kwetu huitwa la uzee. Altrasaundi inaweza kuonyesha chembe za jongo zilizotanda juu ya gegedu, utando wa ndani uliovimba kwa baridi yabisi, au maji yanayopaswa kuvutwa kwa sindano na kupimwa kama yana vijidudu. Hayo yote yana tiba zake, na diklofenaki pekee haiyamalizi.

Kikwazo ni kifaa kidogo. Mashine za wajawazito huja na probu iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, inayotazama mbali tumboni. Goti linataka probu nyoofu yenye mawimbi ya juu, kuanzia megahezi 7 au 10 kwenda juu, ili vitu vya karibu na ngozi vionekane. Mashine nyingi zinaipokea bila kubadilishwa. Basi wilaya inayoandika ombi la vifaa mwaka huu iitaje probu hiyo kwa jina, ipeleke mpigaji wake mafunzoni, na impangie mtaalamu wa fiziotherapia siku za kukaa chumba kimoja na sisi, mgonjwa akishuka kitandani aanze kufundishwa mazoezi ya misuli ya paja siku hiyohiyo.