Trekta ndilo lililozaa Lamborghini



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu viwanda vinavyotengeneza magari ya kifahari yaendayo kasi, kama vile Ferrari, Lamborghini na Bugatti. Vijana wengi wanapoyaona magari hayo katika picha husema kwamba nchi ikiwa na kiwanda cha namna hiyo, basi imeendelea. Mimi naona wanalitazama jambo hili kinyume. Gari hilo ni tunda la maendeleo ya viwanda, si mzizi wake.

Ferruccio Lamborghini wa Italia hakuanza na magari ya kasi. Mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, alianza kutengeneza matrekta ya wakulima kwa kutumia vipuri vya magari ya jeshi yaliyobaki vitani. Fedha alizopata kwa wakulima ndizo zilizomwezesha kuanzisha kiwanda cha magari mwaka 1963. Biashara ya matrekta ilipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliuza hisa zake za magari, na pia matrekta yenyewe. Kiwanda cha magari kilifilisika mwaka 1978, kikapita katika mikono mbalimbali mpaka kiliponunuliwa na Audi, iliyo chini ya Volkswagen, mwaka 1998.

Volkswagen ilinunua pia jina la Bugatti mwaka huo huo. Mwaka 2019 Bugatti Chiron ya majaribio ilifikia mwendo wa kilomita 490 kwa saa huko Ujerumani. Lakini nguvu ya kugharimia kazi kama hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa mamilioni ya watu walionunua magari ya kawaida ya kwendea kazini.

Pengine msomaji atauliza: Je, Ferrari haijitegemei? Ni kweli, tangu mwaka 2016 imejitenga na Fiat. Mwaka 2024 iliuza magari 13,752 tu dunia nzima, na ilipata faida kubwa, kwani huuza machache kwa makusudi ili thamani isishuke. Lakini tusisahau kwamba mwaka 1969 iliuza nusu ya hisa zake kwa Fiat, watengenezaji wa magari madogo ya wananchi, ikabebwa nao kwa zaidi ya miaka 40. Hata Rimac ya Kroatia, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kuunganishwa na Bugatti mwaka 2021, haikutegemea magari yake machache peke yake. Iliuza betri na mitambo ya umeme kwa viwanda vingine.

Kwa hiyo tusiwakataze vijana wetu kuyapenda magari haya. Tuwafundishe kuuliza ni nani aliyeyeyusha chuma chake, na ni nani aliyechonga gia zake. Kijana anayetaka kuunda Lamborghini na aanze pale alipoanzia Lamborghini mwenyewe, yaani kwa kumtengenezea mkulima trekta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.